Boya na Amana ya Msomaji Wake

Elimu ya kupima ni moja katika fahari kubwa za mwanadamu. Tangu alipoanza kuhesabu siku kwa mwezi, na kina cha maji kwa bildi, mtu amejitahidi kugeuza mambo yasiyoshikika kwa mkono yawe tarakimu zinazoweza kuandikwa, kukumbukwa na kupelekwa mbali. Walakini kupima ni jambo moja, na kufasiri kipimo ni jambo jingine. La kwanza laweza kufanywa na chombo. La pili halifanywi ila kwa akili, na kila lifanywalo kwa akili ya mtu mmoja kwa ajili ya maisha ya mtu mwingine lina upande wake wa haki na upande wake wa batili.

Insha hii yakusudia kulitazama jambo hilo katika mfano mmoja ulio wazi, nao ni mfano wa maboya yapimayo upepo na mawimbi baharini. Swali lenyewe ni hili: mtu akaaye nchi kavu na kusoma habari za boya ana wajibu gani kwa mtu ambaye, kwa kuutegemea usomaji huo, atatweka tanga au kuwasha mashine na kwenda zake majini? Yamkini swali hili litaonekana dogo kwa watu wa bara. Lakini baharini halina udogo, maana huko kosa la tafsiri hulipwa kwa roho za watu.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Boya la kupimia ni kitu kielacho juu ya maji, kimefungwa kwa mnyororo na kamba ndefu hadi kwenye nanga iliyo chini. Juu yake pana mlingoti mfupi wenye kipima upepo. Ndani yake pana kifaa kihisicho jinsi boya linavyopanda na kushuka. Katika maboya ya serikali ya Marekani, ambayo ni miongoni mwa yale yajulikanayo sana duniani, upepo hupimwa kwa muda wa dakika 8, kisha wastani wake ndio uandikwao kuwa kasi ya upepo. Mvumo mkali wa sekunde chache katika muda huo huandikwa mahali pake peke yake. Mawimbi hupimwa kwa dakika 20. Baadaye tarakimu hurushwa angani hadi pwani, na mtu aliye mbali huzisoma kana kwamba bahari yenyewe imempelekea barua.

Barua hiyo haikuandikwa na bahari. Bahari haijui mita wala sekunde. Waliochagua dakika 8 na dakika 20 ni watu. Walioamua kipima upepo kikae mita 4 au 5 juu ya maji ni watu. Waliokubaliana kwamba mwelekeo wa upepo na wa mawimbi utajwe kwa upande yatokako, ilhali mwelekeo wa mkondo hutajwa kwa upande uendako, ni watu pia. Asiyejua mapatano hayo aweza kusoma tarakimu sahihi akapata maana iliyopinduka. Kwa hiyo kila kipimo, kabla hakijamfikia msomaji, kimekwisha kupita katika mikono ya hukumu nyingi za wanadamu. Wasemao kwamba tarakimu husema yenyewe wamesahau walioifundisha kusema.

Tutazame kipimo kimoja zaidi ya vyote, nacho ni kimo cha mawimbi. Boya likiripoti mita 2, wengi hudhani kwamba mawimbi yote ni ya mita 2, au kwamba mita 2 ndicho kimo cha wimbi kubwa kupita yote. Dhana zote mbili si kweli. Tarakimu hiyo, kwa asili yake, ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yaani theluthi ile iliyo kubwa kuliko nyingine. Kipimo hiki kilipata umbo lake wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kazi ya Harald Sverdrup na Walter Munk, wataalamu waliokuwa wakitafuta njia ya kubashiri mawimbi kwa ajili ya majeshi yaliyopaswa kushuka pwani kwa mashua. Kilichaguliwa kwa sababu hukaribiana na kimo ambacho mwanamaji mzoefu hukitaja akiulizwa mawimbi ni makubwa kiasi gani. Maana jicho la mtu hupita juu ya mawimbi madogo bila kuyahesabu. Siku hizi tarakimu hupatikana kwa hesabu ya mwendo mzima wa uso wa maji, si kwa kuhesabu wimbi moja moja, lakini maana yake imebaki karibu na ile ya mwanzo.

Basi wimbi kubwa liko wapi? Mwaka 1952 Michael Longuet-Higgins, mtaalamu wa hisabati wa Uingereza, alionyesha kanuni ambayo vimo vya mawimbi huifuata katika bahari ya kawaida. Kwa kanuni hiyo, karibu wimbi 1 katika kila mawimbi 7 hupita kimo kile kilichoripotiwa. Na katika mawimbi 1,000, lililo kubwa kuliko yote yatazamiwa kukaribia mara 1.9 ya kimo hicho. Mawimbi 1,000 si mengi. Ikiwa wimbi moja hupita kila baada ya sekunde 10, hayo ni mawimbi ya saa tatu kasoro kidogo. Kwa hiyo nahodha aambiwaye mita 2 asubuhi ajiweke tayari kukutana, kabla ya adhuhuri, na wimbi la karibu mita 4, na asiseme kuwa boya lilimdanganya. Tena kuna mawimbi yapitayo hata kadirio hilo. Tarehe 1 Januari 1995, katika jukwaa la Draupner kwenye Bahari ya Kaskazini, kifaa kilipima wimbi moja la mita 25.6 katika bahari ambayo kimo chake cha kuripotiwa kilikuwa karibu mita 12 tu.

Hapa pana fundisho lipitalo mipaka ya bahari. Wastani ni mali ya wote na si mali ya mtu ye yote. Hakuna chombo kilichopata kupinduliwa na wastani wa mawimbi. Kila chombo kilichopinduka kilipinduliwa na wimbi moja, lenye kimo chake na saa yake. Vivyo hivyo hakuna mtu aliyekufa kwa wastani wa njaa wala kwa wastani wa maradhi. Mwenye kutawala kwa wastani, au kufundisha kwa wastani, hana budi kukumbuka kwamba watu wake hukutana na maisha wimbi baada ya wimbi. Sisemi kwamba wastani ni uwongo. Ni kweli yenye manufaa makubwa, lakini ni kweli ya msimamizi atazamaye kutoka juu, na yule aliye chini huhitaji kufasiriwa kabla haijamfaa.

Kimo peke yake, hata kikifahamiwa vema, hakitoshi. Boya hutaja pia muda upitao kati ya kilele kimoja na kilele kinachofuata. Watu wengi hukiruka kipimo hiki kwa kuwa hakitishi. Sekunde hazina sura ya hatari kama mita. Walakini mita 2 zenye sekunde 6 na mita 2 zenye sekunde 18 ni bahari mbili mbalimbali. Katika maji ya kina kirefu urefu wa wimbi, kutoka kilele hadi kilele, hupatikana kwa kuzidisha sekunde kwa sekunde, kisha kuzidisha jumla yake kwa 1.56. Kwa hiyo wimbi la sekunde 6 lina urefu wa mita 56, na wimbi la sekunde 18 lina urefu wa mita zaidi ya 500. Lile la kwanza lina mgongo mkali. Humtikisa mvuvi, humlowesha, humtia hofu, na pengine humrudisha nyumbani salama kwa sababu ya hofu hiyo. Hili la pili kule kwenye kina halimsumbui mtu. Huinua chombo polepole na kukishusha polepole, kama mama abembelezaye mtoto. Lakini wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari pale kina kinapokuwa nusu ya urefu wake, nalo refu huihisi tangu mbali. Likikaribia mwamba au fungu hupunguza mwendo, hujikusanya, huinuka, na kupasuka kwa nguvu ambayo lile la sekunde 6 halikuwa nayo. Vimo vikiwa sawa, nguvu ichukuliwayo na wimbi huongezeka kwa kadiri ya sekunde zake. Asomaye mita na kuziacha sekunde amesoma nusu ya shahada, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hukumu.

Tena tarakimu moja yaweza kuficha bahari mbili. Chukua siku ambayo upepo wa mahali umezaa mawimbi ya mita 1.5, na kutoka mbali yamefika mawimbi mengine ya mita 2. Msomaji asiyejua atajumlisha apate mita 3.5. Boya litaripoti mita 2.5, kwa sababu zinazojumlishwa ni nguvu, na nguvu hufuata mraba wa kimo: 2.25 na 4 ni 6.25, na kipeo chake ni 2.5. Tarakimu hiyo moja haisemi kwamba mawimbi haya yatoka mashariki na yale yatoka kusini, wala haisemi kwamba chombo kitapigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu wataalamu hawaridhiki na jumla; huitaka orodha nzima, ionyeshayo ni kiasi gani cha nguvu kimo katika kila muda na kila upande. Mwenye busara hufanya vivyo hivyo anaposikia sifa ya mtu au ya taifa katika neno moja. Huuliza: neno hili limejumlisha mambo mangapi, na yapi yalikuwa yakipingana ndani yake?

Mawimbi ya mbali niliyoyataja yastahili kutazamwa peke yake, maana humo mna ajabu ya elimu na pia mna hatari. Upepo wa dhoruba huzaa mawimbi ya kila namna, yamechanganyika. Yakiisha kutoka katika dhoruba huanza kujitenga yenyewe, kwa kuwa marefu huenda upesi kuliko mafupi. Kundi la mawimbi ya sekunde 20 husafiri karibu kilomita 56 kwa saa. La sekunde 15 karibu kilomita 42. La sekunde 10 karibu kilomita 28. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 5,000, mawimbi ya sekunde 20 yatafika baada ya saa 89, na yale ya sekunde 15 yatafika saa 30 baadaye. Kwa hiyo mtu aliye mbele ya tarakimu za boya, akiona muda wa mawimbi unashuka kutoka 20 hadi 15 katika saa hizo 30, aweza kukadiria kwa hesabu umbali wa dhoruba asiyoiona, iliyokufa siku nyingi kabla mawimbi yake hayajafika. Mwaka 1963 Munk na wenzake waliweka vituo vya kupimia kutoka New Zealand hadi Alaska, wakayafuata mawimbi ya dhoruba za kusini yakiivuka Bahari ya Pasifiki yote, nao wakaona kwamba yale marefu, yakiisha kuachana na dhoruba, hupoteza nguvu kidogo sana njiani.

Wenyeji wa Kerala, katika pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, wana jina la jambo hili pale linapowafikia. Huliita kallakkadal, yaani bahari ijayo kama mwizi. Mbingu huwa nyeupe, upepo huwa mtulivu, na maji hupanda ghafula yakaingia majumbani, kwa sababu ya mawimbi marefu yaliyozaliwa mbali kusini mwa Bahari ya Hindi. Sisi tumefundishwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo ni wa hekima, lakini umejengwa juu ya imani kwamba jambo na dalili yake hukaa mahali pamoja. Bahari ya mwizi huivunja imani hiyo. Dalili yake haimo mbinguni mwa yule atakayedhurika, bali imo katika tarakimu chache za boya lililo mbali naye, katika zile sekunde zisizotisha. India ina kituo chake cha habari za bahari huko Hyderabad, na miongoni mwa kazi zake ni kutoa tahadhari za mawimbi ya namna hii. Pwani yetu nayo yaitazama bahari hiyohiyo. Na katika Mei 2007 mawimbi ya dhoruba moja ya kusini yaliipiga Réunion, kisha yakavifikia visiwa vya Maldives, watu wa huko wakiwa hawakuiona dhoruba yenyewe.

Hapa twaweza kusikia ubishi wa haki kutoka kwa mabaharia wetu. Watasema kwamba wazee walivuka kati ya Lamu na Maskati pasipo boya hata moja. Kwamba nahodha wa jahazi aliijua kusi na kaskazi, aliyajua maleleji na tanga mbili, alisoma rangi ya maji na mwendo wa ndege, naye akafika. Ubishi huu haufai kupuuzwa. Elimu ile ilikuwa elimu kweli, tena ilikuwa na sifa moja ambayo elimu ya boya haina: msomaji na msafiri walikuwa mtu mmoja. Nahodha aliyesema kwamba bahari yafaa alipanda chomboni yeye mwenyewe. Neno lake lilikuwa na dhamana ya mwili wake, na akikosea alizama na kosa lake. Hapakuwa na haja ya kumwuliza kama alisema kwa uangalifu, maana uhai wake ulikuwa umekwisha kumwuliza.

Boya limewatenga watu hawa wawili. Limempa msomaji macho yafikayo kilomita maelfu, kisha limemkalisha kitini, mahali pakavu, chini ya taa. Kosa lake halitamlowesha. Hilo ndilo badiliko kubwa lililoletwa na chombo hiki, nalo halimo katika fani ya vipimo bali katika mambo ya wajibu. Zamani dhamana ya neno ilikuwa hatari. Sasa hatari imeondoka kwa msemaji ikabaki kwa msikizaji, na pengo iliyoliacha halina budi kuzibwa na kitu kingine. Dai langu ni kwamba kitu hicho ni amana. Asomaye boya kwa ajili ya wengine ni mtu aliyewekewa mali ya watu, nayo ni uhai wao wa siku moja au mbili. Mwekewa amana hapimwi kwa elimu yake peke yake.

Kisa kimoja cha kweli chaweza kutuonyesha uzito wa dai hilo. Katika Novemba 1980 boti mbili za wavuvi wa kamba zilitoka Massachusetts, Marekani, zikaenda kuvua katika eneo liitwalo Georges Bank. Utabiri wa serikali haukuwaonya juu ya dhoruba kali. Dhoruba kali ikaja. Boti moja ikapinduka, nyingine ikavunjwa na mawimbi, na watu wanne wakapotea. Baadaye ilijulikana kwamba boya la serikali lililokuwa katika eneo hilo lilikuwa na kipima upepo kibovu, na kwamba ubovu huo haukuwa wa siku moja. Jamaa za baadhi ya waliokufa waliishtaki serikali. Mwaka 1984 hakimu wa kwanza aliwapa haki: serikali iliyoweka boya, ikajua kwamba wavuvi hutegemea habari zake, ilipaswa kulitengeneza au kuwaambia watu kwamba halifanyi kazi. Mwaka 1986 mahakama ya rufani iliitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba kiasi cha huduma ambacho serikali huwapa wananchi ni jambo la hiari yake katika kutumia uwezo wake, na kwamba watu kuitegemea huduma hakuigeuzi kuwa deni.

Sina nia ya kubishana na mahakama katika sheria. Yaweza kuwa ni kweli kwamba serikali ikitozwa fidia kwa kila utabiri uliokosa itaacha kutabiri kabisa, na wavuvi wote watakuwa wamepoteza zaidi. Lakini sheria huuliza ni nani alipe. Maadili huuliza ni nani alijua na hakusema. Maswali haya hayana jibu moja. Katika kisa hiki jambo linaloniuma zaidi si kwamba chombo kiliharibika, maana kila chombo huharibika, na bahari huharibu upesi kuliko nchi kavu. Jambo liumalo ni kwamba ukimya wa boya haukutangazwa kuwa ni ukimya. Mvuvi aliyesikia utabiri hakuwa na njia ya kujua kwamba miongoni mwa mashahidi walioitwa, mmoja aliye karibu zaidi na mahali pake hakusema neno. Alipokea hukumu, hakupokea habari ya ushahidi uliokosekana. Ukimya usiotangazwa hufanana sana na utulivu, na mtu asiyeambiwa tofauti atauchukua mmoja badala ya mwingine.

Baadhi ya wataalamu, kwa kuogopa aibu ya namna hii, wameona afadhali kunyamaza kuliko kusema bila yakini. Nao wana kisa chao cha kale. Robert FitzRoy, aliyekuwa nahodha wa Beagle, aliwekwa mwaka 1854 kuwa mkuu wa idara mpya ya hali ya hewa ya Uingereza. Baada ya meli Royal Charter kuzama katika dhoruba ya Oktoba 1859, pamoja na watu zaidi ya 400, alijenga utaratibu wa kupelekeana habari kwa simu za waya, na mwaka 1861 akaanza kutoa maonyo ya dhoruba bandarini, kisha utabiri katika magazeti. Hakudai kuwa nabii. Alisisitiza kwamba utabiri wake ni rai iliyojengwa juu ya ushahidi. Alipokosea, walimdhihaki. Alijiua mwaka 1865. Baada yake kamati ya wasomi iliona kwamba kazi yake haikuwa na msingi wa kutosha wa kisayansi, na maonyo yakasimamishwa mwishoni mwa 1866. Waliolalamika walikuwa watu wa bahari na wa bandari. Wao walijua kwamba maonyo hayo hukosea, na hata hivyo waliyataka, na mwaka 1867 yakarudishwa.

Kisa hiki chafaa kukaliwa kitako na kila mwanafunzi. Wasomi walipima maonyo kwa kipimo cha yakini, nao kwa kipimo hicho walisema kweli. Mabaharia waliyapima kwa kipimo cha haja, nao pia walisema kweli. Lakini wasomi walikosa katika jambo moja: walidhani kwamba asiye na yakini hana la kusema. Kati ya yakini na kutojua pana uwanja mpana, na sehemu kubwa ya maisha ya wanadamu hupita katika uwanja huo. Mvuvi hatarajii kuambiwa hakika. Yeye mwenyewe hajapata kuishi kwa hakika hata siku moja. Hutaka kuambiwa kiasi cha shaka, ili aipime pamoja na njaa ya watoto wake, na uzee wa mashua yake, na ustadi wa vijana wake. Kupima mambo hayo ni haki yake, na hakuna boya liwezalo kumfanyia.

Kutokana na hayo naona wajibu tatu kwa msomaji wa boya, na kwa kila msomaji wa tarakimu kwa ajili ya wengine. Wa kwanza ni kusema kilichopimwa na kisichopimwa: kwamba hiki ni wastani wa theluthi, si kilele, kwamba kimepimwa pale, si hapa, kwamba ni cha saa iliyopita, si cha saa ijayo. Wa pili ni kuutangaza ukimya. Boya likinyamaza, au likisema kwa sauti ya kutiliwa shaka, jambo hilo ni habari kamili na lastahili kusemwa kwa sauti ileile itangazayo mita na sekunde. Wa tatu ni kusema kwa lugha ya aendaye. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mita 2 kwa meli ya shehena ni siku njema; kwa ngalawa ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Msomaji asiyemjua msikizaji wake aweza kutoa tarakimu iliyo sahihi kabisa, na bado asiwe amemwambia neno.

Wala msikizaji naye hakuachwa bila wajibu. Usisafirie nyota ya mwenzio, wasema watu wa pwani. Boya lililo kilomita 60 kutoka kwako ni nyota ya mwenzio. Lakukuhusu, lakini si lako, mpaka uifasiri habari yake kwa mahali pako, kwa chombo chako na kwa saa yako. Mtu aliyepewa tarakimu akaacha kutazama bahari ameigeuza elimu kuwa hirizi. Tena mtu akataaye tarakimu kwa kuwa baba yake hakuwa nazo amelifanya pazia lile ambalo baba yake alilifanya dirisha. Maana yule mzee, laiti angalipewa shahidi mmoja zaidi aliye katikati ya bahari, asingalimfukuza. Angalimsikiza, angalimhoji, angalilinganisha neno lake na rangi ya maji, kisha angaliamua.

Twarudi basi kwenye swali letu. Wajibu wa msomaji wa boya hautoki katika uwezo wake wa kujua yote, maana hana uwezo huo na hataupata. Watoka katika ukweli kwamba yeye yu salama na mwenziwe hayu salama, naye ndiye mwenye habari. Tofauti hiyo ya mahali yatosha kumfunga deni, hata kama hakuna mahakama itakayomdai. Deni lenyewe si zito sana: ni kusema alichokiona, kwa kiasi alichokiona, na kukiri kwa wakati pale macho yake yanapokoma. Anayelilipa kila siku hatasifiwa, kwa kuwa mvuvi aliyerudi salama hana habari ya wimbi ambalo hakukutana nalo. Pamoja na hayo ni lazima lilipwe kila siku, kwa kuwa kila siku kuna mtu anayetweka.